Kazi ya Mwosha, Kutoka Bagamoyo Hadi Märsta

Maji ya kumwoshea maiti hupimwa kwa mkono. Mwosha huchota kidogo, akayamimina juu ya kifundo chake mwenyewe, akatulia, ndipo akaruhusu yamwagwe juu ya mwili uliolazwa kitandani. Yakiwa ya moto mno hakuna atakayelalamika. Yakiwa sawasawa hakuna atakayeshukuru. Anayeoshwa hatarudi kesho kumsifu mwosha kwa majirani, wala hatakwenda kumsema vibaya. Hata hivyo maji hupimwa, kila mara, na kila mwosha aliyefundishwa vizuri. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha juu kabisa cha ufundi: kazi kufanywa kwa ukamilifu mbele ya mtu asiyeweza kudai chochote.

Waswahili wameibeba kazi hii hadi mbali. Wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo ya mashariki, Burundi, Kenya, Tanzania na pwani ya kusini ya Somalia wanaishi leo Stockholm na vitongoji vyake, na njia moja ya treni za vitongoji hivyo, upande wa kaskazini, huishia Märsta, mji ulio jirani na uwanja wa ndege wa Arlanda. Anayefiwa huko hukuta nchi ambayo kifo kimepangwa kwa utaratibu mzuri na usio na haraka. Mwili hupelekwa kwenye chumba cha baridi, kampuni ya mazishi huitwa, na kwa kawaida wiki kadhaa hupita kabla ya ibada. Zaidi ya wanane kati ya kila kumi wanaofariki Uswidi huchomwa. Majivu ya wengi huzikwa katika bustani za kumbukumbu zisizo na majina, na wafanyakazi wa makaburi ndio wanaoyazika, bila ndugu kuwapo.

Humo humo Ulaya, hata hivyo, wapo watu wanaotafuta njia nyingine. Mwaka 1993, katika mji wa Carlisle nchini Uingereza, msimamizi wa makaburi Ken West alifungua sehemu ambako mtu huzikwa bila dawa za kuhifadhi mwili na bila jiwe, kisha mti hupandwa juu yake. Miaka mitano baadaye daktari Billy Campbell akafungua msitu wa maziko wa Ramsey Creek huko South Carolina, Marekani. Tangu hapo wazo hili limeenea: familia imtunze marehemu wao nyumbani, imvishe yenyewe, imzike katika kitambaa au mbao tupu, na ardhi iachwe ifanye kazi yake. Kwa wengi wanaolipokea leo ni jambo jipya. Mzee wa pwani yetu angelitambua mara moja, na angeuliza swali moja tu: nani atakayeosha?

Kwa bahati njema kazi hii imeandikwa kwa Kiswahili tangu zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliieleza katika Desturi za Waswahili, kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten. Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na huko huko Berlin akafariki mwaka 1927, mbali na makaburi ya watu wake. Kwa hiyo haja ya kujua namna ya kumzika Mswahili Ulaya ya kaskazini haikuanza na kizazi chetu. Ina zaidi ya miaka mia moja ya uzito.

Kazi huanza kabla ya maji. Roho ikishatoka, walio karibu humfumba macho marehemu, humfunga taya kwa kitambaa kinachozungushwa hadi utosini, na humlegeza viungo: viwiko, magoti, vifundo na vidole hukunjwa na kunyooshwa taratibu, kisha mikono huwekwa kandoni na miguu kuunganishwa. Kitu chenye uzito kidogo huwekwa juu ya tumbo lisijae. Yote haya hufanywa mapema kwa sababu mwili hauna subira. Saa chache zikipita viungo hukakamaa, na taya lililoachwa wazi hubaki wazi. Aliyefunga kile kitambaa kwa wakati wake ndiye aliyempa marehemu sura ambayo watoto wake wataikumbuka.

Kisha mahali hutayarishwa. Katika nyumba za udongo za pwani kulichimbwa ufuo, mfereji mfupi chini ya kitanda cha kuoshea, ili maji yaliyopita mwilini yasitapakae uani wala kukanyagwa. Chetezo hutiwa makaa na udi ukafuka tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ya heshima na pia kwa sababu ya harufu, na waosha hawaoni haya kutaja sababu zote mbili. Shuka huzungushwa pande zote. Waingiao ni wachache: wanawake kwa mwanamke, wanaume kwa mwanamume, mke au mume akitaka. Wengine wote hukaa nje, hata wawe wakubwa wa cheo namna gani.

Maiti havuliwi akaachwa wazi. Kitambaa hufunika kuanzia kitovuni hadi magotini, na mkono wa mwosha hufanya kazi chini yake bila jicho kufuata. Hapo ndipo ugumu wa kwanza ulipo: kusafisha usichokitazama. Mwosha humwinua marehemu kidogo, akamwegemeza kwenye goti au mkono wa msaidizi, akalipitishia tumbo kiganja kwa shinikizo dogo ili kilichobaki kitoke sasa, kisitoke baadaye ndani ya sanda. Mkono wa kushoto huviringishiwa kitambaa, hutumika mara moja, kitambaa hutupwa, kingine huviringishwa. Anayemimina maji hamimini kidogo hapa. Msaidizi mzuri hujua bila kuambiwa lini maji yawe mengi na lini yawe ya kufuata kidole.

Baada ya hapo kazi hubadilika sura. Meno na matundu ya pua husafishwa kwa pamba yenye unyevu, maiti hutawadhishwa, kichwa na ndevu huoshwa, nywele huchanwa kwa kitana chenye meno mapana. Upande wa kulia hutangulia, kuanzia shingoni kushuka hadi unyayoni, kisha wa kushoto, kisha hugeuzwa ubavu ili mgongo ufikiwe. Kumgeuza ni sanaa peke yake. Mmoja hushika bega, mmoja nyonga, na wote wawili huenda kwa pamoja, kichwa kikisaidiwa kama cha mtoto mchanga. Kosho la kwanza huwa na majani ya mkunazi yaliyopondwa, au sabuni pale ambapo mkunazi haupatikani. Linalofuata ni la maji safi. La mwisho hutiwa kafuri. Idadi huwa ya witiri: mara tatu, na kama mwili haujatakata, tano, au saba. Kanuni imeacha nafasi ya kuamua, na anayeamua ni mwosha mwenyewe, akiwa amesimama pale, kwa kutazama na kugusa.

Huko Märsta kazi hiyo hiyo hukutana na mwili uliokaa siku kadhaa kwenye baridi. Hapo badala ya kitanda cha kamba kuna meza ya chuma, badala ya kata kuna bomba la mkono, badala ya ufuo kuna tundu sakafuni. Viungo ni vigumu na ngozi ni baridi kiasi cha kuuma vidole vya anayeishika. Mara nyingi marehemu ametoka hospitali, na mkononi kuna tundu la sindano, shingoni kuna plasta, ubavuni kuna mshono. Mwosha asiye na uzoefu huvuta. Mwenye uzoefu humimina maji ya vuguvugu juu ya bega na kiwiko, akakanda, akasubiri, akakanda tena, mpaka mkono wenyewe ukubali kushuka. Plasta hulowanishwa ndipo ibanduliwe, isitoke na ngozi. Tundu linalovuja huzibwa kwa pamba na kufungwa upya. Fiqhi aliyosoma madrasa haikumtajia bomba wala plasta, bali ilimpa lengo: marehemu asiumizwe, asifichuliwe, atoke safi. Kwa lengo hilo mwosha huvumbua njia mezani pale pale, na uvumbuzi wake haumwachi nje ya mila.

Waosha wa kweli wana sheria nyingine isiyoandikwa kwenye karatasi ya ofisi yoyote, nayo ni siri. Aliyeingia chumbani ameona mwili ambao haujaonyeshwa mtu: kovu, ugonjwa, udhaifu wa miezi ya mwisho. Akitoka nje husema kheri au hunyamaza. Mama anayeulizwa na mashangazi wa marehemu, «Alikuwaje?», hujibu, «Alhamdulillahi, tumemstiri,» na mazungumzo hukomea hapo. Maisha ya mtaa mzima hutegemea jibu hilo fupi, kwani kila anayemwamini mwosha leo anajua kuwa siku moja mwili utakaolazwa pale ni wake. Methali isemayo mwosha huoshwa wengi huitumia kuonya. Chumbani mwa kuoshea ni ahadi wanayowekeana walio hai: nitakushika nitakavyopenda kushikwa.

Kisha sanda. Bafta nyeupe hupimwa kwa kimo cha maiti, na ziada ya kufungia kichwani na miguuni. Kitambaa hiki huchanwa kwa mikono; fundi huanza mkato mdogo ukingoni, akavuta, na uzi wenyewe humwongoza katika mstari ulionyooka. Kamba za kufungia hutoka kwenye bafta hiyo hiyo. Mwanamume ana shuka tatu. Mwanamke ana vitu vitano: saruni, kanzu, ukaya na shuka mbili. Nywele zake husukwa misuko mitatu ikalazwa nyuma. Vyote hufukizwa udi, hutandazwa kimoja juu ya kingine kabla maiti hajakaushwa, ili akitoka majini asikae akisubiri. Pamba yenye kafuri na mawardi huwekwa kwenye paji la uso, pua, viganja, magoti na nyayo, sehemu zilizogusa ardhi katika kila sijida ya uhai wake. Upande wa kushoto wa shuka hukunjwa kwanza, wa kulia ukafuata juu yake, na ncha zikafungwa kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, kwa sababu anayefunga anajua kuwa kuna mtu atakayelifungua akiwa kaburini, gizani, akiwa ameinama. Hata fundo limefikiriwa kwa ajili ya mkono wa mwingine.

Katika vazi hilo hakuna kifungo, zipu, uzi wa nailoni wala rangi. Wanaotafuta maziko ya asili huko Ulaya huandika orodha ndefu ya vitu visivyotakiwa ardhini, na bafta iliyochanwa kwa mkono huipita orodha yote bila kusahihishwa. Si ajabu. Waliotunga vazi hili walitaka tajiri na maskini walale sawa, na kitu kinachowasawazisha watu ndicho hicho hicho ambacho ardhi hukipokea kwa wepesi.

Je, Uswidi inaruhusu haya? Inaruhusu zaidi ya vile wengi wetu tunavyodhani. Hakuna sheria inayoilazimisha familia kuajiri kampuni ya mazishi. Ndugu wanaweza kumwosha na kumvisha marehemu wao, kutengeneza jeneza, hata kulisafirisha kwa gari lao wenyewe. Daktari athibitishe kifo, Mamlaka ya Kodi itoe hati ya kuruhusu maziko, na ofisi ya makaburi ipange siku. Tangu mwaka 2012 sheria inataka mwili uzikwe au uchomwe ndani ya mwezi mmoja, wakati zamani ilikuwa miezi miwili. Mwezi ni kikomo, si amri ya kungoja, na jamii iliyojipanga, yenye mtu anayejua namba ya kupiga na karatasi ya kudai, inaweza kuzika mapema zaidi.

Gharama nazo zina utaratibu wa haki. Wakazi hulipa ada ya mazishi pamoja na kodi, wawe Wakristo, Waislamu au wasio na dini. Ada hiyo hutoa kaburi kwa miaka 25, hugharimia kuchimba na kufukia, chumba cha kuhifadhi na kuutazama mwili, na ukumbi wa kuagia usio na alama za dini. Kanisa la Uswidi lilitengana na dola mwaka 2000, lakini limeendelea kusimamia makaburi karibu nchi nzima; katika manispaa za Stockholm na Tranås tu ndiko kazi hiyo ni ya manispaa. Märsta iko nje ya manispaa ya Stockholm, hivyo mfiwa wa huko huzungumza na ofisi ya makaburi ya parokia. Serikali ya mkoa huteua mwakilishi wa kulinda haki za wasio wafuasi wa kanisa hilo, na sheria inataka wasio Wakristo wapatiwe sehemu yao, hapo au katika eneo la jirani. Haya ni mambo ambayo kila msikiti, kila kanisa la Wakongo na kila chama cha Waafrika Mashariki kingefaa kuwa nayo ukutani, kwa Kiswahili.

Waswidi wenyewe nao walikuwa na waosha wao. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, vijijini, mtu alifia nyumbani na wanawake wa jirani ndio waliomwosha na kumvisha. Majirani walikesha naye. Matawi ya msprusi yalikatwakatwa na kutandazwa njiani jeneza litakapopita, na hadi leo makaburi mengi huzungushiwa matawi mabichi ya msprusi ndani ili wafiwa wasione udongo mtupu. Kasisi hutia mchanga mara tatu, nasi hutia mara tatu kwa viganja vyetu. Mswahili akimweleza jirani yake wa Märsta anachokwenda kufanya kwenye chumba cha kuoshea, kuna uwezekano mkubwa kwamba bibi mzaa bibi wa jirani huyo aliifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Kaburi nalo lina mafundi wake. Pwani, mchimbaji huanza kwa kuuliza udongo. Ukiwa mgumu, huchimba hadi kifuani au zaidi, kisha upande wa kibla akachonga mwanandani, chumba chembamba cha kumlaza maiti kwa ubavu wa kulia. Ukiwa mchanga unaoporomoka, hachongi ubavuni. Huteremsha mwanandani katikati ya sakafu ya kaburi. Juu yake hupangwa viunza, vipande vya mbao vinavyozuia udongo usimwangukie maiti, na mianya huzibwa kwa madonge ya udongo au majani. Wateremshaji ni jamaa wa karibu. Shuka hutandwa juu ya kaburi wakati wa kumshusha, mafundo ya sanda hufunguliwa, na shavu la kulia huwekwa juu ya ardhi yenyewe. Kisha kufukia, makoleo yakipokezanwa bila mtu kuamrishwa, mpaka tuta linyanyuke shibiri moja, na mashahidi, yaani alama za kaburi, wasimikwe kichwani na miguuni. Maji hunyunyizwa, na wengi hupanda mrehani.

Zanzibar na Mombasa ziko karibu kusini kabisa ya Makka, hivyo maiti wa huko huelekezwa kaskazini, kichwa mashariki na miguu magharibi. Märsta iko kaskazini, na kibla yake ni kusini-mashariki, ikiegemea kusini zaidi; kichwa cha maiti basi huelekea magharibi, kikishuka kidogo kusini. Mwelekeo huo hauko mbali na ule wa makaburi ya kale ya Kikristo, ambamo kichwa kilikuwa magharibi ili uso utazame macheo. Mchimbaji wa huko anayepewa pembe sahihi huweza kuifuata bila shida, mradi apewe mapema, kabla mashine haijagusa ardhi.

Ardhi yenyewe ni ya kujifunza upya. Mabonde ya Uppland, jimbo ilimo Märsta, yana mfinyanzi mzito unaong'ang'ania koleo, na wakati wa baridi ukiganda sana, wafanyakazi huweka chombo cha kuuyeyusha kabla ya kuchimba. Mfinyanzi uliojaa maji hauna hewa, na bila hewa mwili hauozi vizuri: mafuta yake hugeuka kitu kigumu mithili ya nta, na miaka mingi hupita bila badiliko. Uhai wa udongo uko juu, katika tabaka la kwanza lenye mizizi, minyoo na vijidudu. Ndiyo sababu wanaozika kwa njia ya asili hupendelea kaburi la kina cha wastani, lililo mahali pasipotuama maji, na kitambaa cha pamba badala ya sintetiki. Uswidi tayari imepiga nusu ya hatua hiyo, kwani haina desturi ya kuutia mwili dawa. Hufanyiwa hivyo hasa ule unaosafirishwa nje ya nchi. Jeneza ndilo desturi ya nchi, na mbao tupu za msonobari, zisizo na rangi ya mafuta wala vipini vya plastiki, ndizo zinazokaribia zaidi nia ya sanda.

Nchi hiyo hiyo ilitoa pia ndoto ya mashine. Mwanabiolojia Susanne Wiigh-Mäsak wa kisiwa cha Lyr, mtunza bustani hodari, alipendekeza mwili ugandishwe kwa naitrojeni ya maji, utikiswe hadi uwe unga, ukaushwe, kisha uzikwe karibu na uso wa ardhi na mti upandwe juu yake. Alifariki mwaka 2020 kabla njia hiyo haijatumika kwa mtu yeyote. Namheshimu kwa sababu aliuliza swali sahihi: mwili unairudiaje ardhi ukiwa na faida kwake? Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa tayari mikononi mwa watu wenye ndoo, bafta na koleo.

Wala udongo wa Märsta si mgeni wa maswali haya. Kusini kidogo ya mji, huko Valsta katika parokia ya kale ya Norrsunda, wanaakiolojia walifukua makaburi ya zama za Waviking kabla ya ujenzi wa reli ya Arlanda, iliyofunguliwa mwaka 1999. Humo waliwakuta waliochomwa na waliozikwa bila kuchomwa, katika uwanja mmoja, kwa vizazi vilivyofuatana. Watu wa hapo walibadili namna ya kuzika huku wakiendelea kuwaweka wafu wao pamoja. Ardhi iliyowapokea wote hao haitashindwa na maiti wa Tanga au Bukavu.

Sidai kwamba nyumbani Afrika Mashariki kazi hii iko salama. Nairobi na miji mingine mikubwa, mwili hukimbizwa mochwari, hutiwa dawa, na kamati hukaa jioni baada ya jioni kuchanga fedha za jeneza la kung'aa. Profesa Wangari Maathai aliliona hilo na akakataa miti ikatwe kwa ajili yake. Alipofariki Septemba 2011, jeneza lake lilifumwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, na mwili wake ukachomwa Kariokor mwezi uliofuata. Mafundi waliofuma jeneza lile walifanya kile ambacho mwosha hufanya: walichukua nia ya mtu aliyenyamaza wakaipa umbo, bila kuipunguza na bila kuipamba kwa matakwa yao. Njia ya Profesa si ya kila dini, lakini utii ule kwa neno la marehemu ni somo la wote.

Utii huo Uswidi umeandikwa katika sheria: matakwa ya marehemu kuhusu kuchomwa au kuzikwa yafuatwe kadiri inavyowezekana. Sheria hiyo haina nguvu kama marehemu hakusema kitu. Watoto waliokulia Märsta wakifiwa ghafla na baba, wakiwa na ofisi mbele yao na simu mkononi, watachagua njia iliyo karibu, na njia iliyo karibu huko ni kampuni, wiki tatu, na moto. Hawatakuwa wamemkosea mtu. Watakuwa wamefanya wanachokijua. Kwa hiyo mwenye kutaka mkunazi, bafta na ubavu wa kulia aandike, kwa Kiswahili na Kiswidi, atie sahihi, na karatasi ampe mtu zaidi ya mmoja.

Kuandika peke yake hakutoshi, kwani karatasi haiwezi kumgeuza maiti ubavu. Kazi hii hurithishwa kwa ngazi. Kijana huanza kwa kuchemsha maji na kufukiza udi. Mara nyingine huitwa ndani kushika ndoo. Baadaye humimina, na macho yake hujifunza kufuata mkono wa mwosha. Kisha huambiwa, «Mwanangu, shika bega,» na hapo hujua uzito. Miaka hupita kabla hajaambiwa aoshe. Hakuna ngazi inayorukwa, na mwalimu mzuri hamlazimishi anayetetemeka. Humrudisha kwenye udi akamngoja. Wakristo wa Kongo na Burundi wana ngazi zao za namna hiyo katika vikundi vya akina mama wa kanisa, na hakuna kizuizi cha pande hizi mbili kukopeshana chumba, meza, jeneza na watu wa kubeba.

Wanaoijua kazi hii miongoni mwetu huko Uswidi wengi ni watu wazima waliofika na ujuzi huo kutoka Bagamoyo, Kigoma, Uvira, Lamu au Barawa. Waitwe sasa, wakati hakuna msiba, waonyeshe namna ya kuchana bafta na kufunga fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Walipwe nauli, walishwe, wasikilizwe. Simu ya usiku wa manane ikija Märsta, ataitwa yule aliyeshika ndoo katika msiba uliopita, na lazima tangu sasa tuhakikishe kwamba kuna aliyeishika.